Simama barabara: nilivyojifunza kutungia sauti za watu chuoni

Wadogo zangu wa kwaya kule nyumbani Songea huwa wananiuliza, dada ivi huko chuoni mnasoma nini hasa kwenye utunzi wa muziki, si ni kitu mtu anazaliwa nacho tu? Kila nikijibu najibu kwa kifupi kwenye simu alafu naona sijajibu kitu. Sasa leo nimekaa, mitihani imeisha, umeme upo, nataka niandike vizuri kile nilichojifunza mwaka wa pili kuhusu kuandikia sauti na vyombo, kwa sababu kwakweli kimenibadilisha hata namna ninavyosikia watu wakiongea sokoni.

Mi nimekulia kwenye kwaya ya parokia. Solfa niliijua nikiwa na miaka tisa, mwalimu wetu wa kwaya alikuwa anaandika ubaoni d r m f s l t na sisi watoto tunaimba tukifuata fimbo yake inavyopanda na kushuka, stafu, ile mistari mitano ya nota, nilikuwa naiona kwenye vitabu tu. Nikaenda chuo na aibu kidogo, nikidhani solfa ni kitu cha vijijini na wenzangu waliopiga kinanda tangu wadogo wataniacha mbali. Ikawa kinyume. Kwenye kipindi cha kuimba kwa kuona, yaani unapewa nota mpya unaziimba palepale, wale wa kinanda na gitaa walikuwa wanatafuta nota kwa vidole hewani, sisi wa solfa tunaimba tu, maana masikio yetu yanajua umbali wa do mpaka so bila kuuliza mtu. Solfa ilisambazwa na John Curwen kule Uingereza karne ya 19, wamisionari wakaibeba mpaka huku, na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao tuni yake sisi tunaimbia Mungu Ibariki Afrika, alikuwa mtu wa solfa. Kwahiyo kama wewe ni wa kwaya na unaijua solfa tu, nenda kaombe nafasi, usijione huna kitu, stafu utaishika ndani ya miezi michache.

Sasa nieleze kilichonipata.

Kazi ya kwanza kubwa ya mwaka wa pili ilikuwa kutunga wimbo wa sauti nne, na vyombo visivyozidi vinne, maneno utunge mwenyewe. Nikaandika wimbo wa kuwatia moyo watu, kiitikio chake kinasema "Simama barabara". Melodi ilinijia nikiwa kwenye daladala na niliipenda sana. "Simama" nikaiweka so so so, tulivu, alafu "ba-ra" inapanda la la, na ile "ba" ya pili nikaipeleka do ya juu, ndefu, mapigo mawili mazima, kisha "ra" inashukia ti. Kwenye kinanda ilikuwa tamu mno, nilicheza mpaka wenzangu wa hosteli wakaanza kuipiga mluzi.

Likizo nikaenda nayo nyumbani, nikaomba kwaya yangu ya zamani wanisaidie kuijaribu. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili, ameimba pale tangu kabla sijazaliwa, hasomi nota hata moja, anashika kwa sikio. Tukaimba kiitikio mara mbili, mara ya tatu akanyamaza. Nikamuuliza, mama kuna shida? Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, unataka tusimame barabara ipi?"

Nilisimama pale mbele ya kwaya na ikanichukua muda kuelewa. Sema mwenyewe kwa sauti sasa hivi: barabara ya kwenda Mbinga. Uzito uko wapi? Uko kwenye "ba" ya pili, baraBAra. Sasa sema: amefunga mlango barabara. Uzito umehama, baRAbara. Ni herufi zilezile ila ni maneno mawili, na kinachoyatenganisha ni pale tu mdomo unapokaza. Mi nilikuwa nimeweka noti ya juu kuliko zote na ndefu kuliko zote juu ya silabi isiyotakiwa, kwahiyo watu thelathini walikuwa wanaimba kwa nguvu zao zote habari ya njia ya lami.

Usiku ule nikairekebisha kwa taa ya simu. "Ba" ikabaki so, "ra" ndo ikapanda do ya juu na kukaa, alafu "ba-ra" zikateremka haraka la so. Kesho yake tukaimba, yule mama akatikisa kichwa kukubali, na ghafla wimbo ukawa unasema kitu. Nota zilizobadilika ni chache kabisa.

Niliporudi chuo nikamweleza mwalimu, akafurahi kuliko nilivyotegemea, akasema vipindi viwili vinavyofuata tunaacha hamoni, yaani kupanga sauti zinazosikika pamoja, tunasoma maneno. Tukatolewa nje chini ya mti, kila mtu asome maneno ya wimbo wake kwa sauti kama anaongea na jirani, mwenzake apige kofi pale anaposikia uzito. Kiswahili kwa kawaida kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hilo tulifundishwa wote shuleni, ila nani analikumbuka akishika kalamu ya nota? Na balaa lake ni kwamba ukiongeza kiambishi uzito unahama. NYUmba, ukisema nyumbani inakuwa nyuMBAni. MOyo, moYOni. Sasa wewe umetunga ubeti wa kwanza na neno "moyo" limekaa vizuri kwenye pigo zito, ubeti wa pili ukaandika "moyoni" kwenye melodi ileile, tayari umeliumiza neno, na waimbaji hawatakwambia, wataimba tu, ila msikilizaji wa benchi la nyuma hatasikia unasema nini. Nyimbo nyingi za zamani zilizotafsiriwa zinatuimbisha hivyo kwa sababu tuni ilishatungwa Ulaya kwa lugha nyingine, maneno ya Kiswahili yakaja baadaye yakabanwa yaingie. Siwalaumu waliotafsiri, walifanya kazi kubwa, lakini sisi tunaotunga leo kwa lugha yetu wenyewe tukifanya vilevile tunajinyima tu.

Alafu kuna "m". Hiki ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote na sikuwahi kukifikiria hata siku moja kabla ya chuo. Sema "mtu". Ina silabi mbili, m na tu, na kwa kanuni ileile uzito unaangukia kwenye m. Yaani silabi nzito ya neno haina irabu kabisa, midomo imefungwa. Mi nilikuwa nimeandika neno "mtu" kwa noti moja ndefu kana kwamba ni silabi moja, soprano mmoja akaimba "muuutu", mwingine "umtu", wa tatu akaimeza m kabisa ikabaki "tuuu". Hakuna aliyekosea pale, mi ndo sikuwapa m yao. Mwalimu akatuambia tufunge midomo tuimbe m peke yake kwenye noti ya so, darasa zima, kama nyuki, alafu tufungue "tu". Ilikuwa nzuri ajabu. Tangu siku ile m naipatia noti yake, fupi kidogo, na "tu" inakaa muda mrefu zaidi. "Nchi" vilevile, n inapita puani ulimi ukiwa umegusa juu nyuma ya meno, alafu "chi". Ukimpa mwimbaji nafasi ya kuitamka ile n, neno nchi linakuwa na kishindo chake.

Ila sio kila m. Kwenye "mbuzi" m imeshikana na b, hapo haina silabi yake. Na ukitaka kuona utamu zaidi, linganisha "mtu mbaya" na "njia mbaya". Ya kwanza ile m ni ya ngeli ya watu, inasimama yenyewe, m-ba-ya, tatu. Ya pili ni mba-ya, mbili. Kimaandishi hazina tofauti. Washairi wetu wanalijua hili siku nyingi sana maana wao wanahesabu mizani, yaani silabi, na m inayosimama wanaihesabu mizani moja kamili. Kwahiyo mtunzi wa muziki anayedharau ushairi anaacha mwalimu wa bure mlangoni.

Na hapo hapo mwalimu akatupa zoezi ambalo mpaka leo nalitumia. Chukua utenzi, kila kipande mizani nane. Kwa kuwa kipande kinaishia mwisho wa neno, uzito wa mwisho karibu kila mara utakuwa kwenye mizani ya saba. Ndani huko uzito unahamahama, mara kwenye mizani ya pili, mara ya tatu, mara ya nne, inategemea maneno, lakini ya saba haikuangushi. Basi weka nguzo ya melodi yako pale, noti ndefu au pigo zito kwenye ya saba, na zile za ndani ziache ziwe nyepesi, nota fupi zinazolingana, waimbaji wenyewe watazikazia panapotakiwa kufuata neno. Ukifanya hivyo beti ishirini zinaingia kwenye melodi moja bila kuumiza neno hata moja. Nilipoelewa hili nikasikiliza upya jinsi wazee wanavyoghani mashairi, na taarabu za zamani pia, nikakuta wanavuta na kupamba palepale mwishoni ambapo neno linaruhusu. Mi nilikuwa nasikia madoido tu siku zote.

Tuje kwenye sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Hapa kuna kanuni nyingi na wengi wanaziogopa: sauti za juu zinazofuatana zisiachane zaidi ya oktava (do mpaka do ya juu), usidabulishe ti (kuipa sauti mbili kwa pamoja), ti ipande do, usipeleke sauti mbili sambamba kwa tano wala kwa oktava, yaani zipande na kushuka pamoja zikiwa zimeachana umbali uleule, kama do na so. Utazizoea, zina sababu zake. Mi kilichonigusa zaidi ni alto. Kazi yangu ya kwanza alto walikuwa na so so so so fa so so, ukurasa mzima, kwa sababu nilitunga soprano kwanza, nikaweka besi, alafu nikaziba mapengo. Mwenzetu mmoja wa alto akaniambia "sauti ya pili umetupa makombo" na ilikuwa kweli tupu. Sasa hivi kabla sijapeleka kazi popote naimba kila sauti peke yake mwanzo mpaka mwisho, nimesimama, kama vile huo ndo wimbo wenyewe. Ikinichosha mimi itamchosha na yule mama wa Songea anayekuja mazoezini baada ya kutwa shambani, na yeye anastahili melodi.

Wale wa sauti ya tena niliwapeleka A ya juu mara nne kwenye kiitikio kimoja. Kompyuta iliimba bila shida. Waimbaji wa tena wa kwaya za kawaida wengi wanaishia F, wakijikaza G, na ukiwaweka juu huko muda wote wanaanza kupiga kelele, sauti inakuwa ngumu, soprano nao wanapandisha ili wasikike. Irabu nayo angalia. Kule juu "a" inafunguka yenyewe, "i" na "u" zinabana koo. Neno kama "amani" ni zawadi, a-MA-ni, uzito na irabu pana vimekutana, peleka MA juu kadiri unavyotaka alafu "ni" ishuke.

Kuhusu zile tano sambamba nilibishana sana na mwalimu, maana wiki hiyohiyo kwenye kipindi cha muziki wa Tanzania tulikuwa tunasikiliza Wagogo wa Dodoma, kina Hukwe Zawose aliyefariki 2003, na wale wanakwenda kwa nne na tano sambamba mwanzo mwisho na nywele zinakusimama. Nikamuuliza mbona kwangu unachora mstari mwekundu? Jibu lake nimelishika. Akasema kule Ulaya walitaka kila sauti isikike kama mtu mwingine, na sauti mbili zikitembea kwa tano sambamba zinayeyuka zinakuwa mtu mmoja, ndo maana wakakataza. Mgogo anataka kinyume chake, watu wengi wawe mwili mmoja, na skeli yake ya nota tano inatokana na zile sauti zinazozaliwa ndani ya waya wenyewe ukitetemeka, kwahiyo nne na tano ndo nyumbani kwake. Kosa lako, akaniambia, wewe ulikuwa unatembea Kizungu, katikati ya sentensi ukateleza. Amua. Nikaamua, ubeti wa tatu wa wimbo wangu sasa hivi ni sambamba wote, alto na soprano kwa nne, na mtu akisikia anajua nimekusudia.

Na hili swali la kutunga Kizungu au kwa namna yetu, si sisi wa kwanza kujiuliza. Padri Stephen Mbunga aliandika Missa Baba Yetu, misa ya kuimbwa, mwaka 1959, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu uliofungua mlango kwa muziki wa kienyeji kanisani, ulikuwa haujaanza hata, na mwaka 1963 akatoa kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Nilipokisikia mara ya kwanza darasani niliona uchungu kidogo, miaka yote nimeimba kanisani na sikuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu wetu alishakaa chini akalifikiria hili kwa makini kiasi hicho.

Vyombo sasa. Nilichagua tarumbeta mbili, ngoma na gitaa la besi. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, maana yake mpigaji akisoma C inatoka B flati, toni nzima chini. Kwahiyo kitabu kinasema umwandikie toni moja juu ili itoke sawa na kwaya. Nikafanya hivyo, kwa uangalifu mkubwa, nikakagua mara tatu. Siku ya majaribio tukaanza, kwaya inaimba kwenye G, tarumbeta zimekaa kwenye A. Ilikuwa maumivu. Kila mtu akanigeukia nami nashikilia karatasi nasema lakini nimeandika sahihi jamani.

Kumbe wale vijana wawili walilelewa kwenye bendi ya matarumbeta ya Kilutheri. Mtindo ule una asili ya Ujerumani, na bendi za kanisa za Kijerumani tangu zamani zinafundisha mpigaji asome nota kama inavyosikika, nota za kwaya zilezile, hakuna kuhamisha. Wanashika kitabu cha nyimbo wanapiga moja kwa moja soprano, alto, tena, besi. Ni busara sana ukifikiria, bendi inaweza kusimama na kwaya yoyote ikasoma karatasi moja. Mi nilihamisha toni moja juu, wao wakasoma ilivyo, ndo ikatoka toni juu. Hakuna aliyekosea hata hapa. Nilichopaswa kufanya ni kwenda kuwauliza siku tatu kabla, kaka zangu, nyie mnasomaje? Swali la dakika moja tu.

Tangu hapo kabla sijaandikia chombo namtafuta mpigaji. Mwenzangu wa tarumbeta alinionyesha midomo yake baada ya nusu saa ya nota za juu, imevimba, akanieleza anahitaji mapumziko ya kweli ndani ya wimbo, na pumzi ya kuvuta kabla ya sentensi ndefu kama mwimbaji tu. Mpiga ngoma akaniambia usiniandikie kila pigo, niandikie pa kuanza, pa kubadilika na pa kunyamaza, hayo mengine niachie. Nilimwachia na ubeti wa pili ukawa bora kuliko nilivyouota. Na tarumbeta zisiimbe pamoja na maneno mapya. Zipige katikati ya vipande kwaya inapovuta pumzi, au zirudie kile ambacho watu wameshakisikia, la sivyo ile m yako uliyoitunza kwa mapenzi yote haitasikika na mtu.

Mnaoniuliza kuhusu programu ya kuandikia nota kwenye kompyuta: mi natumia MuseScore, ni ya bure na inatosha kabisa kwa chuo. Wengi wetu tulianza na Finale, ile iliyokuwepo tangu 1988, ila Agosti 2024 ilitangazwa kwamba haitaendelezwa tena, kwahiyo kama una faili zako za zamani zihamishie kwenye MusicXML, aina ya faili inayosomeka na programu nyingi, mapema zifunguke kwingine. Ila usiiamini kompyuta kwenye suala la sauti. Haivuti pumzi, haichoki, na haijui kwamba barabara ni maneno mawili.

Wimbo wenyewe ulishafanyiwa mtihani na umepita, lakini sijaumaliza. Ubeti wa nne una "nchini mwetu", uzito umehamia kwenye "chi" na ile n niliyokuwa nimeipa pigo zito kwenye "nchi yetu" imebaki inaning'inia. Nimejaribu njia tatu, hakuna iliyonikaa. Jumamosi saa kumi kwaya ya nyumbani wana mazoezi na nitakuwepo, naenda na karatasi zote tatu, yule mama wa sauti ya pili ataimba ya kwanza, ya pili na ya tatu, alafu nimsikilize.